Biti ya 128 juu ya filamu bubu

Prodyuza mwingine wa muziki amenitumia WhatsApp kipande cha filamu ya mwaka 1926. Amekiwekea biti ya mapigo 128 kwa dakika, mwanzo mpaka mwisho, na ujumbe: "Kaka, hizi si zilikuwa kimya? Chochote kinakaa." Hakikai. Nimeshaandika hivyo kwa mtu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, sasa naandika kwa wote.

Hilo la ukimya tulimalize haraka. Filamu bubu zilipigiwa muziki ukumbini: piano, kinanda cha mabomba, na kwenye kumbi za kifahari okestra nzima. Mtunzi Saint-Saëns alitungia filamu huko Ufaransa mwaka 1908. Gottfried Huppertz aliitungia Metropolis, filamu ya Fritz Lang, muziki wa okestra kubwa, ukapigwa kwenye onyesho la kwanza Berlin, Januari 1927. Japani walikuwa na benshi, msimuliaji wa kando ya pazia anayewasemea wahusika wote, na aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Ujiji akimsikiliza DJ anatafsiri filamu ya Kichina na kuongeza chumvi yake hahitaji maelezo zaidi. Ila muziki ulibadilika kutoka ukumbi hadi ukumbi, ndiyo maana sinthesaiza, kinanda cha umeme, haivunji mwiko wowote. Wale wa "piano tu ndiyo halali" nao wamenichosha, lakini leo si zamu yao.

Ugomvi wangu ni kasi.

Kamera nyingi za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde zilikuja kuwa sheria sauti ilipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo utakuta 16, 18, 20, 22, na ndani ya filamu hiyohiyo mkono wa mpigapicha unaharakisha au unalegea. Mwenye ukumbi naye alikuwa na yake: akitaka kubana onyesho la ziada usiku huo, anaongeza mwendo wa mashine. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa 18 uicheze kwa 24. Saa nzima inakuwa dakika 45. Mtu aliyekuwa anatembea hatua 110 kwa dakika anapiga karibu 147, utadhani anawahi boti ya Kalemie. Prodyuza anapima mwendo huo kwa jicho, anaweka tempo ya 147, anatamba kwamba biti imekaa. Imekaa juu ya nakala mbovu! Kesho anapakua nakala nyingine, ambayo fremu moja katika kila tatu imerudiwa ili 18 zifike 24. Watu wanatembea kama watu, japo kwa kujigongagonga kidogo, na kiki yake, lile dundo zito la ngoma, inaning'inia hewani.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu ya muziki, jua nakala yako inakwenda fremu ngapi. Kama hakuna maelezo, usitazame waigizaji, wao wanaigiza. Tazama maji yanayomwagwa, au kitu kinachoanguka. Maji yakiwa na haraka, nakala ina haraka.

Na ukishajua, kazi ndiyo inaanza. Chukua The General ya Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, huwezi kumdanganya mtu wa hapa kuhusu gurudumu la treni. Keaton amekataliwa na mchumba, anakaa juu ya ule mkono wa chuma unaounganisha magurudumu ya injini, ameinamisha kichwa. Injini inaondoka. Chuma kinampandisha, kinamshusha, kinampandisha tena, naye hana habari mpaka injini inakaribia kumezwa na giza la banda lake. Gurudumu linaanza taratibu, linaongeza. Weka lupu, kipande cha biti kinachojirudia, isiyobadilika hapo: mzunguko wa kwanza unaangukia kwenye pigo, wa pili umechelewa kidogo, wa tatu umepotea, na mtazamaji asiyejua hata nota moja anahisi kuna kitu kimeteguka.

Mimi niliweka alama kwenye kila fremu ambayo Keaton yuko juu kabisa, nikachora tempo ipande kufuata alama. Baada ya jasho lote hilo nikaitoa kiki. Ilibaki besi moja nzito inayovimba na kunywea. Uso wa Keaton haucheki, na kiki ilikuwa inamcheka.

Mtaniuliza Moroder. Ndiyo, mwaka 1984 Giorgio Moroder, prodyuza wa disko, aliifupisha Metropolis, akaitia rangi, akaweka nyimbo za akina Freddie Mercury na Bonnie Tyler. Nyimbo hazinikeri sana. Kinachonikera ni kwamba kadi za maandishi zinazokatiza picha aliziondoa, maneno yakawekwa chini ya picha, wakati kadi ndiyo mahali ambapo jicho linapumzika na muziki unapata nafasi ya kugeuka. Lakini siwezi kubisha: kuna vijana walioijua filamu ile kupitia kwake, kisha wakaitafuta ndefu.

Kuna mahali ndani ya Metropolis hiyohiyo panaponishinda. Zamu zinabadilishana: kundi moja la wafanyakazi linaingia, jingine linatoka, na wanaotoka wanajiburuta polepole zaidi. Mwendo wa aina mbili ndani ya picha moja. Kiki imfuate nani? Mimi huwafuata wanaotoka, na sina sababu ya kitaalamu ya kukupa. Kuna usiku nahisi wanaoingia ndio wenye haki. Tena ukumbini, spika za besi zikiunguruma na watu wakipiga makofi, sijui kama wameguswa na Fritz Lang au na mtikisiko wa viti.

Anayetaka kujaribu aanze na A Trip to the Moon ya Méliès, ya mwaka 1902, ni dakika kumi na kitu tu. Ila akipata nakala ya rangi iliyotoka 2011, ile yenye muziki wa kundi la Air, aizime sauti hiyo kabla hajapakia kazi yake popote. Filamu ya 1902 imemaliza muda wa hakimiliki karibu kila mahali, muziki wa 2011 bado.