Jeni za vimeng'enya vya protini katika bakteria wa udongo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Duara angavu kuzunguka bakteria kwenye aga ya maziwa (jeli ya maabara iliyochanganywa na maziwa) linaonyesha ni jeni gani inayofanya kazi.
Linaonyesha tu kwamba kazeini, protini ya maziwa, imekatwa. Bacillus subtilis ana jeni nane za vimeng'enya vya kukata protini vinavyotolewa nje ya seli: aprE, nprE, bpr, epr, mpr, nprB, vpr na wprA. Mbili za kwanza ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi, ndiyo maana ukifuta aprE peke yake duara bado litatokea. Kutenganisha kazi za hizo mbili, tumia vizuizi, yaani kemikali zinazozima vimeng'enya: PMSF ya 1 mM huzima subtilisini (zao la aprE), na EDTA ya 5 mM hunyang'anya zinki ambayo NprE (zao la nprE) huihitaji. Yeyusha PMSF kwenye isopropanoli na uiongeze dakika ya mwisho, kwani katika maji ya pH 8 kwa nyuzi 25 nusu yake huharibika ndani ya dakika 35 hivi. EDTA nayo ina ujanja wake: huondoa pia kalsiamu inayoishikilia subtilisini, kwa hiyo usihukumu kwa EDTA pekee.

Dhana: apr na aprE ni kitu kimoja.
Kosa hili hupoteza wiki nzima za kazi. Katika tafiti za udongo, apr kwa kawaida ni jeni ya kimeng'enya cha metali (kinachokata kwa msaada wa ioni ya metali) cha bakteria Pseudomonas. Jeni aprE ni ya subtilisini, kimeng'enya cha serini (kinachokata kwa asidi amino iitwayo serini). Praima (vipande vifupi vya DNA vya kutafutia jeni) za moja haziikamati nyingine.

Dhana: Ukiwa na sehemu ya jeni inayoandika kimeng'enya kilichokomaa, inatosha.
Subtilisini E, ile ya aprE, huanza na asidi amino 381. Za kwanza 29 huivusha kwenye utando wa seli, 77 zinazofuata huisaidia kujikunja, kisha hukatwa, hubaki 275. Ukipandikiza hizo 275 tu kwenye E. coli, utapata protini isiyokata chochote.

Dhana: Bakteria akikua vizuri, kimeng'enya kimejaa.
AbrB na ScoC, protini zinazozima jeni, huibana aprE wakati wa ukuaji wa kasi. Jeni hiyo hufunguka ukuaji unapofifia, kwa hiyo mchuzi wa kuoteshea bakteria uliovunwa mapema hauna kimeng'enya cha maana.

Dhana: Jeni ikionekana kwenye DNA ya udongo, protini inameng'enywa.
DNA hiyo huweza kutoka kwa spora za Bacillus zilizolala, au seli zilizokufa. Pima pia kazi yenyewe: udongo gramu 1, kazeini, bafa (kimiminika cha kushikilia pH) ya Trisi pH 8.1, saa 2 kwa nyuzi 50. Hata hapo umepima uwezo tu. Shamba halina joto hilo.