4WD haikusimamishi, matairi ndiyo yanakusimamisha

Wanunuzi wengi wa Subaru Impreza za miaka ya 2000 huamini kwamba gari likivuta kwa magurudumu manne, matairi si hoja. Si kweli, na imani hiyo inaumiza watu. 4WD husaidia gari kuondoka na kupanda mlima wenye utelezi. Kwenye kufunga breki haiongezi kitu: kila gari, hata Vitz, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Kinachokuokoa kwenye lami iliyolowa ni tairi zima.

Kuna na hasara ya mfukoni. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma huzunguka kwa kasi tofauti. Katika Impreza nyingi za otomatiki, klachi inayopeleka nguvu nyuma huishia kusuguana muda wote, hupata moto na kuchakaa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, inama uyakague yote manne: saizi moja, yamelika sawasawa. Kisha kata usukani hadi mwisho, uzunguke taratibu uwanjani. Likishtuka-shtuka au likigoma kama limeshikwa breki, tilia shaka klachi hiyo. Muuzaji akisema ni usukani mzito tu, usikubali haraka.