"Mbona hawampasui?" Dhana potofu kuhusu saratani ya umio

Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hujitambulisha kwenye ugali. Tonge linakwama kifuani, mtu analisukuma kwa maji. Baadaye anahamia wali uliopondwa, kisha supu, mwisho uji mwepesi. Ukanda ambako imeshamiri unatoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, kwa hiyo wengi wetu tunamjua aliyeugua. Akifika hospitali, ndugu wanataka apasuliwe leo leo.

"Vipimo vinachelewesha tu, uvimbe utolewe."
Umio umebanana na njia ya hewa na mshipa mkuu wa damu. Kuutoa ni kufungua tumbo, mara nyingi na kifua, kisha mfuko wa tumbo unavutwa juu uzibe pengo. Ni upasuaji wa saa nyingi kwa mtu aliyekwisha kukonda. Kama saratani imeshafika kwenye ini au mapafu, atapitia mateso yote hayo na ugonjwa utabaki naye. Ndiyo maana CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hutangulia kukagua kifua na tumbo. Na hata kabla ya mashine, tazama mkono wa daktari: vidole viwili vinapapasa juu ya mtulinga wa kushoto, mfupa ulio chini ya shingo. Tezi ngumu pale, ikikatwa kipande kidogo na kuthibitishwa kuwa saratani imefika hapo, inaweza kumaliza mjadala wa kisu.

"Wakikata kipande cha uvimbe kukipima, saratani inaamka."
Haiamki. Ni kipande cha milimita chache, na bila hicho hakuna ajuaye anatibu nini. Mgonjwa akizorota baadaye, kipimo ndicho kinacholaumiwa.

"CT ni safi, basi haijaenea."
Safi maana yake haijaonekana. Vivimbe vidogo sana huiponyoka CT. Wengine huongezewa kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo tumboni, au PET, kipimo cha picha kinachofuatilia mwilini sukari yenye mionzi kidogo. Nairobi PET ipo, ila bei yake si ya kila mfuko.

"Imefika kwenye ini, sasa ana saratani mbili."
Ni ileile ya umio, imehama tu.

"Hapasuliwi, basi wamemrudisha nyumbani akafe."
Hii ndiyo inayoumiza familia zaidi, na madaktari wasioeleza wanaichochea. Kwanza, si kila asiyepasuliwa saratani yake imeenea mbali. Wengine uvimbe umeng'ang'ania njia ya hewa, nao hutibiwa kwa mionzi na dawa. Pili, hata iliyoenea ina tiba ya kumrudishia mtu sahani yake. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, inajulikana kwa kuweka stenti: kibomba cha waya kinachoteremshwa kupitia mdomoni, kikatanuka kwenye umio uliobanwa. Mgonjwa huanza na vinywaji, kisha vyakula laini. Atafune sana, ale ameketi wima, na anywe maji kila baada ya matonge machache. Vipande vya nyama choma ndivyo huziba stenti.