Mabibi wa Lyon na chupa ya vitamini D

Kuna aina ya mgonjwa ambaye sisi wa kliniki ya mifupa tunamjua hata kabla hajaketi. Ni mama wa miaka 60 hivi, anafungua mkoba na kutoa chupa aliyotumiwa na mwanawe kutoka ng'ambo. Vitamini D, kidonge kimoja kila asubuhi. "Daktari, hii itanikaza mifupa? Maana mama yangu alivunjika nyonga, hakuinuka tena."

Jibu la haraka lingekuwa "endelea tu, haina madhara". Wengi hupewa hilo. Mimi napenda kuanzia Ufaransa, mjini Lyon, kwa watafiti Marie-Claire Chapuy na Pierre Meunier, kwa sababu kazi yao ndiyo iliyotuaminisha kuwa kidonge hiki kinaweza kuzuia nyonga isivunjike. Tukielewa kwa nini kiliwasaidia wagonjwa wao, tutajua pia kwa nini wengine hakiwasaidii.

Chapuy na Meunier waliandikisha wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makazi ya wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 84, na wote walikuwa bado wanatembea. Nusu walipewa kila siku gramu 1.2 za kalsiamu pamoja na yuniti 800 za vitamini D. Wengine walipewa vidonge vya kufanana navyo lakini visivyo na dawa. Miezi 18 ilipotimia, kati ya waliomaliza utafiti, kundi la dawa lilikuwa na nyonga zilizovunjika pungufu kwa asilimia 43. Matokeo yalichapishwa Desemba 1992, na madaktari dunia nzima wakaanza kuandika dozi hiyo.

Lakini tazama vipimo vyao vya damu, maana siri iko huko. Kalsiamu si ya mifupa peke yake. Moyo, misuli na neva huihitaji kila dakika, kwa hiyo mwili haukubali ipungue kwenye damu. Vitamini D ndiyo inayousaidia utumbo kuifyonza kutoka kwenye chakula. Vitamini D ikikosekana, chakula kinapita na kalsiamu yake inatoka nacho. Hapo tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayoamuru kalsiamu ichotwe kwenye mifupa. Mfupa ni ghala. Shamba lisipoleta kitu, watu wanakula akiba. Kwa mabibi wa Lyon, vitamini D katika damu ilipanda kwa asilimia 162 na homoni ile ya uchotaji ikashuka kwa asilimia 44. Mfupa wa juu ya paja uliongezeka uzito kwa asilimia 2.7, huku wa wenzao wasiopata dawa ukipungua kwa asilimia 4.6.

Kwa maneno mengine, hawa walikuwa na upungufu. Bibi wa miaka 84 anayeshinda ndani katika nchi yenye majira ya baridi, ngozi yake imezeeka na haitengenezi vitamini D kama zamani, na chakula chake ni haba: ghala lake lilikuwa likichotwa kila siku, na kidonge kikaziba mwanya.

Je, asiye na upungufu? Hilo lilijibiwa Marekani miaka 30 baadaye. Meryl LeBoff na wenzake wa Boston walichapisha mwaka 2022 matokeo ya watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia 55, ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu wala udhaifu wa mifupa. Nusu walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano na ushei. Kuvunjika mifupa hakukupungua. Si nyonga, si kifundo cha mkono, si popote.

Usidhani basi kwamba kuzidisha ndiko kutasaidia. Nchini Australia, Kerrie Sanders na wenzake waliwapa wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi dozi moja kubwa kwa mwaka, yuniti 500,000 kwa mpigo, au kidonge kitupu. Nia ilikuwa njema: mzee hulazimiki kumkumbusha kila siku. Matokeo, yaliyotoka 2010, yalikuwa kinyume. Waliopata dawa walianguka zaidi kwa asilimia 15 na kuvunjika zaidi kwa asilimia 26. Ndiyo maana mtu akiniomba "ile sindano kubwa ya vitamini", huwa namwambia habari hiyo kwanza.

Kinachochanganya watu ni kudhani kila mfupa dhaifu una njaa ya vitamini D. Matege ya watoto, ndiyo, mara nyingi ni njaa hiyo au ya kalsiamu: mfupa umejengwa lakini saruji haikukauka. Osteoporosisi ni jambo jingine. Mfupa ni mgumu kama kawaida, ila umebaki mchache, umejaa matundu kama mbao iliyoliwa na mchwa. Kwa wanawake, chanzo kikubwa ni kukoma hedhi, kwani homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizuia mfupa usiliwe upesi. Kuna pia vidonge vya prednisolone, vinavyomezwa miezi na miezi kwa pumu au maumivu ya viungo, tena mara nyingine bila daktari kujua. Hivyo vinaharibu mifupa kuliko ukosefu wa jua.

Na jua letu je? Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa kinatosha kwa mifupa ni 50. Hakuna aliyewapa chupa. Ila tusijivunie haraka. Anayechunga ng'ombe porini si sawa na anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini hadi magharibi. Jua la dirishani halihesabiki, kwani kioo huzuia miale inayohitajika. Vivyo hivyo bibi aliyelala kitandani chumba cha nyuma, mwanamke anayejisitiri mwili mzima na hatoki ila mara chache, na anayetumia dawa za kifafa kama phenytoin au phenobarbital. Hawa nawaandikia vitamini D bila kusita, yuniti 800 kwa siku, na mara nyingi hata bila kipimo, maana bei ya kipimo hununua vidonge vya muda mrefu.

Yule mama wa chupa? Namuuliza anatoka nje kiasi gani, anakula nini (dagaa wanaoliwa na miiba yao, mtindi na ulezi vina kalsiamu ya kutosha kunitia moyo), hedhi ilikoma lini. Namuuliza kama amewahi kuvunjika mkono kwa kujikwaa tu akiwa amesimama. Hilo ndilo swali ninalolisubiri jibu lake kuliko yote. Mwaka jana mmoja aliniambia, "Aa, huo mkono? Ulifungwa plasta, ukapona." Hakuna aliyemwambia kuwa mfupa wa mtu mzima hauvunjiki kwa kuteleza bafuni bila sababu. Alihitaji kipimo cha uzito wa mifupa na dawa halisi ya osteoporosisi, ya jamii ya alendronate. Chupa yake nilimwachia aendelee nayo, kwa sababu dawa hiyo haifai kutumiwa kwa mtu mwenye upungufu wa vitamini D. Kisha nikamwomba kijana aliyemleta aende nyumbani akafunge chuma cha kushikia kando ya choo.