"Difu Haifunguliwi Nyumbani" na Maneno Mengine ya Kijiweni

"Mjomba, hiyo difu ipeleke Dar. Haifunguliwi nyumbani." Niliambiwa hivyo na kila aliyepita uani kwangu Chuno, hapa Mtwara, akaona miguu yangu imechomoza chini ya Land Rover. Difu ni zile gia za katikati ya ekseli: zinapokea mzunguko wa propela, ile nondo ndefu inayotoka kwenye gia boksi, zinaugawa kwa magurudumu mawili, na kwenye kona zinaliacha moja lizunguke haraka kuliko jingine. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori ya korosho, alisema kwa upole kuliko wengine, lakini naye alisema. Gari lenyewe ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mimi si fundi wa kazi. Nina spana, nina kitabu cha gari kilichojaa grisi, na sina haraka.

Kwa gari hili difu ni rahisi kutoa kuliko gia boksi. Unamwaga oili, unafungua bolti za flanji kwenye habu, kitovu cha gurudumu, unavuta shafti zote mbili zinazozungusha magurudumu, unaachia propela, halafu difu nzima inatoka kwa mbele kama droo. Ina uzito wa karibu nusu mfuko wa saruji, kwa hiyo usiipokee kifuani peke yako. Series III ndefu, 109, ni habari nyingine. Kwa kawaida nyuma ina difu ya Salisbury: gia zimefungwa ndani ya nyumba ya ekseli yenyewe, unazifikia kwa mfuniko wa nyuma, na nyumba hiyo hupanuliwa kidogo kwa kifaa maalumu ili gia zitoke. Mwenye 109 akiambiwa apeleke kwa fundi, asibishe sana.

Neno la hatari kuliko yote halihusu hata gia. "Hendibreki nimevuta, gari haliendi popote." Kwenye Land Rover hizi hendibreki haishiki magurudumu, inashika propela. Magurudumu ya nyuma yakiwa yote chini, ukiizuia propela umeyazuia na yenyewe. Ukiinua moja kwa jeki, difu inafanya kazi iliyoumbiwa: gurudumu la hewani linazunguka huku, la chini linazunguka kule, propela imetulia tuli, na gari linaondoka. Ukishachomoa shafti ndiyo kabisa, hendibreki imebaki pambo. Langu lilisogea kama shibiri moja, jeki ikalala ubavu. Bahati nilikuwa nimetoka kuchukua maji ya kunywa. Tangu siku ile kila gurudumu lililobaki chini linapata jiwe la tumbawe mbele na nyuma, na mzigo unakaa juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu.

Kabla ya kufungua, hakikisha anayelia ni difu. Watu wanaisingizia mno. "Ka!" moja ukiondoka, au ukibadili kutoka mbele kwenda rivasi, mara nyingi ni krosi ya propela, ule msalaba wa kwenye kiungo chake. Mvumo unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia, angalia beringi za magurudumu. Matairi ya kashata, yale ya meno makubwa, nayo yanavuma kwenye lami hadi unayazoea. Difu ina tabia yake: sauti inabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, kwenye mwendo uleule. Yangu ilikuwa inalia ukiachia.

"Weka oili nzito, itanyamaza." Itanyamaza kweli, kama mtoto aliyezibwa mdomo. Kuna hata dawa ya zamani ya wauza magari, maranda ya mbao ndani ya difu. Ukinunua gari kuukuu, fungua bolti ya oili kwanza, chovya kidole, unuse, usugue kati ya vidole viwili. Oili nyeusi haitishi. Inayotisha ni yenye vipande vinavyochoma, au yenye rangi ya chai ya maziwa.

Hiyo ya maziwa huku pwani tunaiona sana, na lawama yote hubebeshwa sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo ambacho watu wengi hawajawahi kukiona, kwa sababu kimefunikwa na tope. Kikiziba, joto linasukuma oili nje kupitia sili. Ukiingiza ekseli ya moto kwenye maji, hewa ya ndani inapoa na kujikunyata, na maji yanafyonzwa kupitia sili hizohizo. Unaweza kubadilisha sili mara tatu na bado ikavuja. Kipumulio unakisafisha kwa dakika tano.

Sasa gia zenyewe. "Krauni yangu mbovu, pinioni bado nzima, nitatafuta krauni tu." Hapana. Krauni ni gia kubwa ya difu, pinioni ni ile ndogo inayoizungusha, na hizi zinasagwa pamoja kiwandani na kuuzwa pamoja. Angalia hesabu: difu hii ina meno 10 kwenye pinioni na 47 kwenye krauni, ndiyo ile 4.7 inayoandikwa vitabuni. Kwa idadi hiyo, jino la pinioni likiachana na jino fulani la krauni halikutani nalo tena mpaka krauni imalize mizunguko 10. Kila jino limeoana na yote ya upande wa pili, likaacha alama yake. Ukileta krauni ya gari jingine umeleta ndoa mpya kati ya wazee wawili. Vifuniko vya beringi vya pembeni navyo visibadilishane kushoto na kulia. Vigonge alama kabla hujalegeza hata bolti moja.

Kuna kosa wanalolifanya hata mafundi wazuri: "Kaza mpaka pleyi iishe." Pleyi, ile nafasi kati ya jino na jino, lazima iwepo. Gia zikipata moto zinatanuka, na oili inahitaji pa kupita. Kwenye difu hii inatakiwa milimita 0.20 hadi 0.25, unene wa karatasi mbili za fotokopi au kuzidi kidogo. Kidole hakiwezi kupima hiyo. Nilinunua geji ya saa, kipimo cha mshale, na ndiyo pesa pekee niliyotoa bila kinyongo. Krauni inasogezwa kwa nati mbili za pembeni: legeza huku tundu moja, kaza kule tundu moja, mkazo wa beringi unabaki uleule.

Mkazo wa beringi za pinioni niliupima kwa mizani ya ndoano niliyoazima kwa muuza samaki. Unazungushia uzi kwenye flanji, unavuta taratibu, unasoma mzigo wakati pinioni inazunguka, kisha unalinganisha na kitabu. Fanya hivyo kabla ya kuweka sili, maana sili inaongeza uzito wake na kukudanganya.

Halafu unapaka meno rangi. Nilikoroga oksaidi nyekundu ya sakafu na tone la oili, nikazungusha huku mwenzangu akishikilia krauni iwe nzito. Alama ikikaa katikati ya jino, umefika. Ikikaa kwenye ncha ya juu, pinioni iko mbali. Ikizama chini shinani, imeingia mno. Yangu ilikuwa juu. Nilibadilisha shimu, vile vibati vyembamba vinavyoisogeza pinioni, mara nne, na kila mara ni kutoa beringi upya. Jirani alikuja na kahawa, akatazama alama ya mwisho, akasema, "Kumbe inaandika." Ukimaliza, osha rangi yote. Oksaidi inakwangua.

Wa kwenda Msimbati, kule ufukweni, wana lao: chomelea gia ndogo za ndani ya difu ili magurudumu mawili yazunguke pamoja, mchanga hautakushika. Mchangani kweli utapita. Ukirudi kwenye lami kila kona inatafuta kitu cha kukata, na shafti za Land Rover hizi hukatika hata bila kuchokozwa.

Oili nayo si oili tu. Difu yangu inakunywa lita 1.75 za EP 90, oili ya gia. Mwenye Peugeot 404, lile lililoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, asiige. Ndani ya difu yake kuna gurudumu la shaba nyeusi linaloendeshwa na skrubu, na oili za gia za daraja la GL-5 zina salfa na fosforasi zinazoweza kuila shaba hiyo.

Kisha wanasema difu iliyofungwa vizuri haitoi sauti kabisa. Yenye gia mpya, pengine. Yangu ina gia zilezile za zamani, beringi na sili ndizo mpya, na meno yaliyochakaa hayarudishwi na shimu. Nikielekea Mikindani, kati ya kilomita 60 na 70 kwa saa, nikiachia mafuta, bado inaimba kwa mbali. Nimeimwaga oili ya kwanza, haikuwa na kipande hata kimoja. Nimeiacha iimbe.