Damu safi, mlango wa kizazi je?

Dhana: Nina kinga imara, siumwi hovyo, nikapime nini?

Virusi vya HPV, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, havizunguki kwenye damu. Hupenya kwenye vimikwaruzo vya utando wa mlango wa kizazi, hujificha kwenye seli za chini kabisa, kisha huzaliana humo humo kadiri seli zinavyopanda juu. Havipasui seli wala havileti homa, basi kinga huchelewa kushtuka. Protini za virusi hivyo hupunguza interferoni, kemikali ambayo seli iliyovamiwa huitoa kuzionya jirani zake, na pia hupunguza seli za Langerhans, walinzi wa doria wa utando huo. Ndiyo maana mtu huwa buheri wa afya, vipimo vya damu safi, na huku chini pana jambo.

Dhana: Kukutwa na HPV ni kukutwa na saratani

Sivyo. Maambukizi takriban tisa kati ya kumi huondolewa na kinga ndani ya miaka miwili hivi. Yanayong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, muda huo hushuka hadi miaka 5 au 10. Ndiyo sababu wanaoishi na VVU hushauriwa kuanza kupima wakiwa na miaka 25, wengine 30.

Dhana: Kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu huongeza kinga

Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Ukeni mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuzuia wabaya. Ukiwafuta, wabaya hushamiri, na hali hiyo huendana na HPV kukaa muda mrefu. Siki nayo ina kazi yake ya kupimia, ila mikononi mwa muuguzi: huipaka kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja hivi, na penye mashaka hugeuka peupe.

Dhana: Chanjo itaniondolea virusi nilivyonavyo

Haiondoi. Kingamwili zake huchuja kutoka kwenye damu hadi kwenye ute wa mlango wa kizazi na kuvidaka virusi kabla havijaingia kwenye seli. Kwa hiyo hulengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi. Tanzania imetumia dozi moja tangu 2024. Aliyechanjwa naye hupima umri ukifika, maana zipo aina za HPV ambazo chanjo haizigusi.