Kichujio cha darubini: kinachuja nini hasa?

Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu tayari anaelewa nusu ya jambo hili. Kifumbu hakiongezi tui. Kinazuia machicha, na kinaweza kuyazuia kwa sababu moja tu: machicha ni makubwa kuliko vitundu vya ukili. Kichujio cha darubini ni kioo chembamba kinachofanya kazi kama hiyo kwa nuru, ila chenyewe hakiangalii ukubwa wa chembe, kinaangalia urefu wa wimbi, yaani rangi iliyopimwa kwa nanomita (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita). Rangi chache zinaruhusiwa kupita, nyingine zinarudishwa zilikotoka.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "kichujio gani ni kizuri?" Ni hili: nuru ninayoitaka inatofautiana vipi na nuru nisiyoitaka? Kama hazitofautiani, hakuna kioo duniani kitakachozitenganisha.

Chukua mtu anayepiga picha za anga juu ya paa, Dar es Salaam. Taa za barabarani, mabango na madirisha hurusha nuru juu, nayo hukutana na mvuke na vumbi, kisha sehemu yake inarudi chini. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, mng'ao huo huwa mzito. Huu ndio uchafuzi wa mwanga. Kamera iliyofunguliwa kwa dakika tano hukusanya mng'ao huo pamoja na nyota. Unaweza kuupunguza baadaye kwenye kompyuta, lakini chembechembe, yaani madoadoa ya nasibu ambayo mng'ao umeyaacha kwenye picha, haziondoki, na ndani ya chembechembe hizo ndimo mawingu hafifu ya gesi yanamopotelea. Faida ya kichujio ni kwamba kinauzuia mng'ao kabla haujaifikia kamera.

Kinachowezesha kazi hii kiligunduliwa London mwaka 1864. Mwanaastronomia William Huggins alielekeza spektroskopu yake, chombo kinachoitawanya nuru katika rangi zake, kwenye nebula (wingu la angani) inayoitwa leo Jicho la Paka, akitarajia kuona utepe wa rangi zote kama ule wa nyota. Aliona mistari michache tu. Ile nebula ilikuwa gesi, na gesi yenye joto hutoa nuru ya mawimbi machache maalumu. Mstari mmoja wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, hata ukadhaniwa ni wa elementi mpya. Ilichukua hadi 1927 kwa mwanafizikia Ira Bowen kuonyesha kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mstari huo uko kwenye nanomita 500.7, na ndio huohuo ambao vichujio vya oksijeni vinavyouzwa leo vimetengenezwa kuupitisha. Haidrojeni ina mstari wake mwekundu kwenye 656.3, na salfa ina miwili karibu na 672.

Sasa tazama upande wa taa. Taa za zamani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, hutoa sehemu kubwa ya nuru yao karibu na nanomita 589, mbali na mistari ya nebula. Vichujio vya jumla vilitengenezwa enzi hizo: unaziba eneo la sodiamu na la zebaki (aina nyingine ya taa za zamani), mengine unayaacha yapite, na anga inakuwa nyeusi. Taa nyeupe za LED zimebadilisha hesabu. Zina kilele cha buluu karibu na 450, kisha nuru inayotapakaa kupitia kijani, njano hadi nyekundu. Hapo machicha yamesagwa yakawa laini kama tui. Kichujio cha jumla kilichosifiwa sana miaka ya nyuma huweza kukuvunja moyo katika mtaa wenye LED, hata kama hakina kasoro yoyote.

Dawa iliyobaki ni kubana mlango. Jicho letu huona takribani kuanzia nanomita 400 hadi 700, upana wa 300. Kichujio chembamba cha nanomita 7 kilichowekwa juu ya mstari wa haidrojeni hupitisha 7 kati ya hizo 300. Mng'ao wa LED unabaki takribani sehemu moja kati ya arobaini, ilhali nuru ya nebula katika mstari ule inapita karibu yote. Cha nanomita 3 hubana zaidi, na bei hupanda vilevile.

Lakini kuna vitu ambavyo havina mstari wa kuukamata. Kilimia ndicho mfano ninaoupenda, maana kila mtu amekiona. Ule ukungu wa buluu unaozunguka nyota zake ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota, nayo nuru ya nyota ni utepe mzima wa rangi. Ukiweka kichujio chembamba, unakikata Kilimia pamoja na taa za mji. Galaksi nazo ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa, kwa kuwa nuru yake ni ya mabilioni ya nyota. Kwa vitu hivi, ushauri wangu ni kuiacha pesa ya kichujio iwe nauli ya kwenda mahali penye giza.

Ukishajua kwamba unachokitaka ni wingu la gesi, uchaguzi unafuata kamera. Kamera ya rangi moja, yaani ya picha nyeusi na nyeupe, hutumia kichujio kimoja kimoja, haidrojeni, oksijeni, salfa, kisha picha zinaunganishwa. Ndivyo ilivyotengenezwa ile picha maarufu ya 1995 ya Hubble, darubini iliyoko angani, Nguzo za Uumbaji: salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwa kamera ya rangi, chagua kichujio chenye milango miwili, kinachopitisha haidrojeni na oksijeni kwa pamoja. Nadhani hiki ndicho kinachomfaa zaidi anayeanzia mjini. Kumbuka tu kwamba kamera za kawaida za kupigia picha za watu zina kioo ndani kinachokata sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni. Kioo hicho kisipoondolewa na fundi, sehemu kubwa ya kile kilichopitishwa na kichujio cha gharama itapotea.

Angalia pia namba f ya darubini yako, yaani urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha darubini. Kwenye f/2 miale hukipiga kichujio kwa mshazari, na mlango wake unasogea kuelekea mawimbi mafupi. Kichujio cha nanomita 3 kinaweza kuukosa mstari wake kabisa, hivyo tafuta vilivyotengenezwa kwa darubini za aina hiyo.

Katika kutumia, fokasi upya kila ukiweka kichujio, kwa sababu kioo cha milimita 2 husogeza fokasi nyuma kwa takribani milimita 0.7. Ongeza muda wa kila picha. Mbalamwezi siyo kikwazo kikubwa kwa haidrojeni. Oksijeni ndiyo huumia, kwa kuwa anga yenye mwezi imejaa buluu na kijani. Na vichujio hivi visitumike kamwe kutazama jua. Jua lina kichujio chake maalumu, kinachokaa mbele ya darubini.

Kwa kuanzia, sisi tulio karibu na Ikweta tumebahatika. Nebula ya Orion hupita karibu na utosi, na nebula ya Carina, ambayo sehemu kubwa ya Ulaya haiioni kabisa, hupanda hadi nyuzi 37 juu ya upeo wa kusini wa Dar es Salaam. Inafika juu jioni mwezi Aprili, wakati wa masika na mawingu. Usiisubiri jioni hiyo: mwishoni mwa Februari iko palepale juu kama saa saba usiku, wakati madirisha mengi ya mji yameshazimwa.